Kashata: sukari ya Kiliba, sukari ya Kakira

Kashata ya karanga ni karanga, sukari na moto, basi. Wengine wanatia iliki, wengine chumvi kidogo, lakini hizo ni anasa. Mama aliye na kilo ya sukari, kilo ya karanga na sufuria ya kuazima anaweza kupika asubuhi na kumaliza kuuza kabla ya jioni. Ndiyo maana utaikuta kila mahali watu walipofika bila mtaji: Katwe, Nsambya, Makindye, Nakivale. Na ndiyo maana hakuna anayeona haja ya kuandika historia yake. Kitu cha shilingi mia tano, utaandika nini?

Mimi naona lipo la kuandika. Chai bila sukari watu watanung'unika na watakunywa. Uji bila sukari mtoto atalia, halafu atakunywa. Kashata bila sukari haipo kabisa. Kwa hiyo sukari ikiadimika mjini, kashata ndiyo inayotoka barabarani kwanza, na sukari ikirudi, nayo inarudi. Ukifuata sinia la mama karanga katika miaka mia moja ya eneo letu hili, utaona ni wapi watu walifukuzwa, na ni wapi walirudi.

Nilikulia Uvira, mtaa wa Mulongwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Sisi hatukusema kashata, tulisema karanga ya sukari. Neno kashata nililisikia kwa wamama Waislamu waliokuwa wanakuja kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Walijifunga kanga na kuongea Kiswahili ambacho sisi watoto tulikiona ni cha redioni.

Mama Karanga wetu alikaa kando ya barabara ya kwenda bandari ya Kalundu, sinia juu ya ndoo iliyopinduliwa, na plastiki juu ya sinia kwa ajili ya nzi na vumbi. Kashata hukatwa ikiwa bado moto, maana ikishapoa haikatiki tena, inavunjika ovyo. Vipande vyenye pembe nne ndivyo vilikuwa vya bei. Vilivyovunjika alivikusanya kwenye bakuli, na hivyo ndivyo vyetu. "Mama Karanga, utupe ya kuvunjika!" Tuligombania kingo, yaani pale ambapo sukari ilikuwa imetiririka nje ya karanga ikaganda peke yake, nyembamba kama kioo, na uchungu kidogo wa kuungua. Meno ya utoto yalitoka humo. Rafiki yangu mmoja jino lake lilibaki ndani ya kipande. Akalichomoa, akalirusha juu ya bati, akaendelea kula.

Pesa ya kununulia ilikuwa kichekesho. Serikali ya Mobutu ilichapa noti mpaka ikafika ya zaire milioni 5, na Oktoba 1993 ikabadilisha fedha yote: milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Watoto wa Mulongwe tulikuwa mamilionea, na mamilioni yetu yaliishia kwenye ya kuvunjika.

Sukari ilitoka Kiliba. Ni safari fupi kaskazini mwa Uvira, kwenye uwanda wa Ruzizi, mahali ambapo Wabelgiji walijenga kiwanda cha sukari katika miaka ya 1950 na kupanda miwa pande zote. Magari ya miwa yalipopita polepole kwenye mashimo, vijana wakubwa waliruka nyuma na kuvuta bua moja au mawili. Mtu akiajiriwa Kiliba, ukoo mzima ulijua. Mimi nikiwa mtoto niliamini kwamba kila mji duniani una mlima upande mmoja, ziwa upande mwingine, na kiwanda cha sukari mahali fulani karibu. Niliona ndivyo Mungu alivyopanga.

Halafu mambo yakaja kwa mfuatano. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, na watu wakavuka Ruzizi kuja kwetu na magodoro kichwani. Mwaka 1994 wakaja wa Rwanda. Watu wengi wanaosoma gazeti hili wanaijua Uvira kama mahali pa kutoka, lakini sisi tuliijua kwanza kama mahali pa kufikia, na nakumbuka kwamba wakati huo kashata ziliongezeka barabarani, kwa sababu wamama waliofika bila kitu walianza na kile nilichotaja juu: kilo ya sukari na kilo ya karanga. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Bujumbura, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Oktoba mwaka huohuo vita vikaanza kwetu, na Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi kabla mwezi haujaisha. Kiwanda cha Kiliba kikazimika. Kwa hiyo sukari ya nyumbani hakuna, na ya kupitia Bujumbura ni ya magendo na ya bei ya dawa. Sikuona tena sinia la Mama Karanga. Sijui lilikwenda wapi, na wala sikuuliza, kwa sababu na sisi tulikuwa tunaondoka.

Hapa niiache Uvira kidogo, nirudi kwenye shule. Mwalimu wetu wa Kifaransa alitukataza kusema karanga darasani. Tuseme cacahuète. Tulidhani ni neno la Ufaransa, tena la watu wasafi. Miaka mingi baadaye ndipo nilijifunza kwamba Wafaransa walilichukua kwa Wahispania, na Wahispania walilikuta Mexico, kwa watu wa lugha ya Kinahuatl, ambao waliiita karanga tlalcacahuatl, maana yake kakao ya ardhini. Karanga yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioileta Afrika katika karne ya 16. Kabla yake babu zetu walikuwa na njugu mawe. Kwa hiyo yule mwalimu alikuwa anatuchapa fimbo kwa ajili ya neno la wakulima wa Mexico, bila yeye kujua.

Na huko Mexico watoto wanakula kitu ambacho ukiwekewa mkononi utasema ni cha Mama Karanga. Kinaitwa palanqueta. Karanga zilizoshikamana kwa sukari iliyoyeyushwa, mara nyingi ile sukari nyeusi ya kuganda ambayo sisi tunaiita sukari guru, na inauzwa barabarani, sokoni, kwenye vituo vya basi. Muwa haukuwa wa kwao. Muwa ulianzia New Guinea, Wahindi ndio waliogundua kuuchemsha mpaka ugande, na hata neno sukari limetoka kwao, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia. Wahispania waliupeleka muwa Mexico, na pamoja nao wakapeleka Waafrika watumwa wa kuukata na kuuchemsha. Katika milima ya Veracruz Mwafrika mmoja aliyeitwa Yanga alitoroka utumwa karibu na mwaka 1570, akaishi huko na wenzake zaidi ya miaka 30. Jeshi lilitumwa, halikuwamaliza, na mwishowe watawala wakakubali wawe na mji wao huru. Mji huo upo hata leo, unaitwa Yanga. Nimeutaja kwa sababu msomaji wa kambini atapenda kujua kwamba watu wa kukimbia na sukari wamekuwa majirani kwa muda mrefu.

Huku kwetu pia utamu ulianza na watumwa. Pangani, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, karne ya 19 kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na kazi ilifanywa na watu waliokamatwa bara, wengine kutoka pande zetu za Tanganyika na Manyema. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka uliofuata, alikuwa na shamba la miwa. Vitabu vya shule vinamtaja kama shujaa. Shamba lake havilitaji sana.

Neno kashata ni la pwani hiyohiyo. Zanzibar na Mombasa ndiyo ya kunywea kahawa chungu, ya nazi au ya karanga. Nenda Kisenyi hapa Kampala, kwa ndugu zetu Wasomali, utawasikia wanasema kashaato kwa ile ya nazi. Mhindi wa mjini naye ukimwonyesha ya karanga atakwambia hii ni chikki, bibi yangu aliipika Gujarat. Nimesikia watu wakibishana kwa hasira kabisa, kila mmoja anasema ni ya kwao. Mimi siingii katika ubishi huo. Ninachouliza ni sukari ilitoka wapi.

Uganda ilitoka kwa Wagujarati wawili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika ikulu ya Kabaka Suuna tangu miaka ya 1840, lakini walileta nguo na bunduki na kuchukua pembe za ndovu na watu. Sukari ilikuwa kitu cha wakubwa. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, bidhaa zikaanza kushuka bei, na maduka ya Wahindi yakaenea mpaka vijijini. Ndipo mwaka 1924 Nanji Kalidas Mehta akafungua kiwanda cha sukari Lugazi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, na mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akaanza cha Kakira, karibu na Jinja. Waliokata miwa wengi hawakuwa wenyeji wa hapo. Walikuja kwa miguu kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka West Nile. Mababu wa baadhi yetu wamelala katika udongo wa Kakira na Lugazi, kabla hata hatujajua neno mkimbizi. Mwaka 1968 Uganda ilizalisha tani 152,000 za sukari. Wazee wa Kampala wanaoikumbuka miaka hiyo wanakwambia mtoto alikuwa anatumwa dukani kununua sukari kama anavyotumwa kuchota maji.

Isisemwe kwamba utamu huo ulikuwa wa wote. Waganda wengi waliona biashara yote iko mikononi mwa Wahindi, na mwaka 1959 watu wa Buganda waligomea maduka yao kwa miezi mingi. Malalamiko yalikuwepo, na mengine yalikuwa ya haki. Agosti 1972 Idi Amin akayatumia. Akawapa Wahindi siku 90. Waliondoka makumi ya maelfu, na mali kidogo tu waliyoruhusiwa kubeba. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, wengi wakapokelewa katika kambi za muda ambazo zamani zilikuwa za jeshi. Wasio na uraia wa nchi yoyote walipelekwa na Umoja wa Mataifa katika makambi ya Austria, Italia na Malta. Yaani foleni ya chakula, kitanda cha chuma, fomu, kungoja jina lako liitwe. Sina haja ya kuwaeleza ninyi.

Manubhai Madhvani, mtoto wa mwenye Kakira, hakuondoka mara moja. Alikamatwa kwanza na kufungwa katika gereza la kijeshi la Makindye. Ndiyo, Makindye hii hii, kilima ambacho leo Wakongo tumepanga vyumba chini yake, ambapo Jumapili unasikia kwaya za Kiswahili kutoka kila upande. Alitolewa akiwa hai, jambo ambalo wengi waliofungwa humo hawakulipata, akaenda Uingereza.

Viwanda vikabaki. Mashine zilikuwepo, miwa ilikuwepo, lakini vipuri, mafundi na pesa za kigeni hazikuwepo, na baada ya miaka michache Kakira na Lugazi zilikuwa kama Kiliba yetu. Kampala ikawa mji wa foleni. Sukari ikapewa njia yake ya magendo, inavuka kutoka Kenya usiku, inauzwa kwa kikombe, inatolewa kama zawadi ya harusi. Mtoto aliyezaliwa Kampala mwaka 1973 aliweza kufika shule bila kujua kashata ni nini. Nimezungumza na watu wa umri huo. Wanakumbuka kabalagala, maana zile ni ndizi na unga wa muhogo na hazidai sukari. Wanakumbuka karanga za kuchemsha. Kashata wanaiweka katika hadithi za wazazi wao.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizochukuliwa mwaka 1982, na mwaka 1985 ukoo wa Madhvani ukarudi Kakira. Walikuta kiwanda kimechakaa na shamba limemezwa na pori. Ukoo wa Mehta nao ukarudi Lugazi. Ilichukua miaka na mikopo mikubwa, lakini sukari ilirudi madukani.

Basi fikiria hili. Mama wa Bukavu anapika kashata Makindye. Amenunua sukari ya Kakira dukani kwa Mganda, na hiyo sukari imetengenezwa katika kiwanda cha watu waliofukuzwa nchi hii, mmoja wao akafungwa katika kilima hichohicho, kisha wakarudi. Miwa ilianza kupandwa na vibarua wa Rwanda na Burundi. Karanga ni zile nyekundu ndogo zinazoitwa Red Beauty, au ni Serenut, mbegu zilizozalishwa Serere mashariki mwa Uganda, lakini bibi yao wa zamani alitoka Amerika ya Kusini. Mpaka hapo hakuna mwenyeji hata mmoja kwenye sufuria, isipokuwa moto.

Sukari ya hapa bado inaumiza watu, tusidanganyane. Aprili 2007 Kampala iliandamana kupinga mpango wa kutoa sehemu ya msitu wa Mabira ipandwe miwa ya Lugazi, maandamano yakageuka, watu wakauawa, mmoja wao Mhindi aliyekuwa anapita tu. Mwaka 2011 bei ilipanda sana, na tena 2017. Katika miaka hiyo unaweza kuisoma bei kwenye kipande chenyewe. Kwanza kinapungua upana. Halafu kinapungua unene. Halafu kinakuwa cheusi, kwa sababu mpishi ameanza kuchanganya sukari guru, ambayo wengi hapa wanaijua kama ya kutengenezea pombe. Bei ya mia tano haibadiliki, maana mteja ni mtoto, na mtoto ana sarafu moja.

Neno kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika, kwa sababu najua mnasoma. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na mnaitaja kila mkutano, na ni sheria nzuri. Lakini mkimbizi anayeishi Kampala hapati mgao wa chakula, na aliye kambini ameona mgao wake ukipunguzwa na kugawanywa kwa makundi tangu 2023. Sinia barabarani halina leseni. Januari 2022 wachuuzi wote waliondolewa kwenye barabara za katikati ya Kampala, wenyeji na wageni pamoja. Wamama wa kashata hawakuacha kupika. Waliingia ndani ya mitaa, wakauza milangoni na nje ya makanisa. Mafunzo mnayotoa ni ya kushona, kutengeneza sabuni, kusuka nywele, na mwisho kuna cheti na picha. Sijawahi kuona kashata katika fomu yoyote. Labda ni bora hivyo. Lakini ukitaka kujua kama familia mpya zimefika mtaani, usingoje takwimu. Hesabu masinia.

Mwaka jana nilizihesabu mwenyewe. Baada ya Bukavu kuanguka Februari 2025, masinia yaliongezeka Makindye kabla hata vyumba vya kupanga havijapanda bei. Mama mmoja aliniruhusu nikae jikoni kwake, yaani mlangoni, akipika. Mbabula, ambayo hapa wanaiita sigiri, ilikuwa katikati ya miguu yake. Karanga alishazikaanga kwa moto mdogo, akazisugua maganda na kuzipeta. Sukari aliiweka kwenye sufuria kavu, bila tone la maji. Inakaa muda mrefu kama mchanga, unadhani hakuna kitu, halafu pembeni inaanza kulowa, na ikianza haikungoji.

Nilimweleza habari ya Kakira, siku 90, na yule mtu wa gereza la pale juu. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Walirudi na watoto wao?" akauliza.

Nikasema baadhi yao, ndiyo.

"Na mashine walizikuta?"

Nikasema walizikuta zimechakaa, na pori limeota shambani.

Alikoroga. Sukari ilikuwa imefika rangi ya asali.

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia kumi na tatu. Akaniambia nisogeze mguu, akamwaga karanga zote kwa mara moja na kuanza kugeuza kwa nguvu, kwa sababu kuanzia hapo mtu ana dakika moja tu kabla haijaganda.